Kidonge cha karoti na wale wanaodaiwa kuchukia mimea

Ukisema mmea fulani unazuia kansa halafu daktari akauliza ushahidi uko wapi, basi hapo hapo anaitwa wakala wa makampuni ya dawa, eti hataki watu wapone kwa vitu vya asili. Mi naona tunawaonea hawa madaktari, tena sana, na karoti ndo shahidi wangu.

Miaka ya 80 tafiti nyingi zilikuwa zinaelekea kulekule, kwamba wenye beta-karotini nyingi kwenye damu (ile inayoipa karoti rangi yake) wanapata kansa ya mapafu kidogo kuliko wenzao. Watafiti wa Ufini wakishirikiana na Wamarekani wakaamua kuijaribu kwelikweli, wakachukua wanaume 29,133, wote wavutaji sigara wa miaka 50 mpaka 69, nusu wakawa wanameza miligramu 20 za beta-karotini kila siku, nusu hawapewi, ikaenda hivyo miaka mitano mpaka minane. Jamani, nani anapoteza miaka yote hiyo kwa kitu anachokichukia? Hao walikuwa waumini.

Majibu yakatoka 1994. Waliomeza karotini, kansa za mapafu 474. Wasiomeza, 402. Yaani imepanda kwa asilimia 18 badala ya kushuka. Marekani nako kulikuwa na jaribio lingine, la wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye asbesto (madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu), wao walichanganya karotini na vitamini A, likasimamishwa kabla ya wakati Januari 1996 maana kansa ya mapafu ilishaongezeka kwa asilimia 28.

Hiyo 474 na 402 huwa siachi kuipigia hesabu. Tofauti ni watu 72 tu. Waliomeza walikuwa 14,560, toa wale 474, wanabaki watu 14,086 ambao mapafu yao hayakupata kansa muda wote wa jaribio, na ukiwatoa waliokufa au kuugua kwa mengine, kila aliyebaki angeweza kusimama mbele za watu akasema "mimi navuta tangu kijana, nimetumia vidonge vya karoti na niko fiti", na asingekuwa amedanganya hata neno moja! Maelfu ya shuhuda za kweli kabisa, kwa kidonge kinachoongeza kansa. Mke asingeona, jirani asingeona, hata daktari anayewatibu asingeona, wale 72 wameonekana kwa sababu tu kuna mtu alikaa akahesabu na wale ambao hawakumeza. Kwa hiyo ukiniambia shangazi yako alitumia na yuko salama, nakuamini, ila haituambii kitu.

Na kuna kingine kinachonisumbua zaidi. Kwenye jaribio hilohilo, wanaume walioingia tayari wana karotini nyingi kutokana na chakula chao kweli walipata kansa ya mapafu kidogo. Karoti haikudanganya basi. Huenda karotini ilikuwa alama tu ya mtu anayekula mboga nyingi, na kazi inafanywa na vingine vinavyokuja pamoja nayo, au huyo mtu anavuta kidogo kuliko wenzake, au dozi ndo shida, maana kidonge kiliipandisha karotini kwenye damu zaidi ya mara 10, na mapafu yenyewe yamejaa moshi. Madaktari wa Marekani 22,071, wengi wao hawavuti, walijaribiwa beta-karotini miaka 12 na haikuwasaidia wala kuwadhuru.

Upande wa mimea nao una hoja, sikatai. Dawa ya kansa vinkristini imetoka kwenye ua dogo la Madagascar, nyingine, paklitakseli, kwenye gome la mti, na zinatumika hospitali mpaka leo. Ila hizo ni za kutibu, tena ni kali, mgonjwa anakubali nywele zidondoke kwa sababu anajua akiacha kitatokea nini. Kuzuia unampa mtu mzima wa afya, hana anachoumwa, ukimharibia hapo umemtoa kwenye afya ukamwingiza kwenye ugonjwa. Chai ya kijani kwenye kikombe haina neno, lakini saplimenti zenye dondoo lake, ukifika miligramu 800 za EGCG (kemikali kuu ya chai hiyo) kwa siku, Ulaya walishatoa tahadhari ya ini mwaka 2018.

Manjano ndo usiseme. Kurkumini, ile inayoyapa manjano rangi yake, ukiimwagia seli za kansa kwenye kisahani cha maabara inazisimamisha vizuri tu, shida ukiila haifiki kwenye damu kwa kiasi cha maana, na hata kwenye kisahani ile rangi yake inang'aa kwenye mashine za kupimia, unaweza kudhani dawa inafanya kazi kumbe mashine imeona manjano.

Mimi moyo wangu uko kwenye brokoli. Kule Qidong, China, watu 291 walikunywa kinywaji cha machipukizi yake au kisicho na kitu kwa wiki 12, mkojo ukapimwa, na waliokunywa cha brokoli walikuwa wanatoa benzini, sumu ya hewa chafu, kwa asilimia 61 zaidi. Hiyo imenifurahisha kweli. Ila ni mkojo uliopimwa, kansa yenyewe haikuhesabiwa, na wiki 12 zisingetosha kuihesabu.