Acheni bwawa letu likae tupu

Mwezi wa pili nilikwenda nyumbani Mbarali, kijiji kimoja kilicho chini ya milima ya Uporoto, si mbali na barabara kuu iendayo Zambia. Sijatua hata begi, baba mdogo akaniambia, "Twende kwanza ukaone bwawa lilivyojaa." Alikuwa na furaha ya mtu anayeonyesha ng'ombe mpya. Nilipofika juu ya tuta nikakosa la kusema, kwa sababu bwawa lile halikujengwa lijae.

Kwa asiyejua korongo letu: kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Ila mvua ikipiga huko juu, linashuka maji mekundu yenye magogo na mawe, yanavunja kingo za majaruba, yanaingia mpaka jikoni kwa watu. Ndiyo likawekwa tuta la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kimo chake kama nyumba ya kawaida hadi paani, na chini kabisa likapitishwa bomba la zege lisilo na koki wala geti. Maji yakija kwa mkupuo yanasubiri nyuma ya tuta na kutoka kidogokidogo. Baada ya siku mbili tatu bwawa linakauka na kungoja mvua nyingine. Likiwa tupu ndipo liko kazini.

Piga hesabu mwenyewe. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta 100 za mlima ni mita za ujazo 50,000. Tuseme theluthi mbili inanywewa na ardhi. Zinazobaki bado ni zaidi ya 16,000, na kila mita moja ya ujazo ni tani nzima. Ukiwa umeshajaza bwawa tangu kabla ya Krismasi, tani hizo utaziweka wapi?

Nikashuka upande wa maji kuangalia mdomo wa bomba. Umezibwa. Viroba vya salfeti vilivyojazwa udongo, tairi bovu la pikipiki limekandamizwa juu yake, na kipande cha turubai. Kazi safi, nakiri, fundi aliyeifanya anajua maji. Nani alifanya? Kijiji kizima kinamjua na hakuna anayemtaja, maana kila mtu ana lake pale: huyu ana bustani ya nyanya, yule amemwaga vifaranga vya perege, na wafugaji wamepata pa kunyweshea bila kuteremka mbali.

Siwalaumu kwa kutaka maji. Sisi wa Usangu, yaani bonde hili la Mbarali, tumekua tukihesabiwa kila tone. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji yetu, umekuwa ukikatika kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, na lawama zinatushukia sisi wenye mpunga na wenye ng'ombe. Mtu aliyeambiwa miaka yote hiyo kwamba maji ni haba, ukimwambia ayaache yapite bure, atakuona umerogwa. Ila hoja yangu iko palepale: ukilitumia tuta la mafuriko kama lambo, umepoteza kinga ya mafuriko, na lambo lenyewe hujalipata, maana tuta lililopangwa kubeba maji siku tatu sasa linabeba miezi mitatu.

Tukaendelea kutembea. Pembeni kuna utoro, ile njia pana ya kutolea maji bwawa likizidiwa, yasije yakapanda juu ya tuta. Humo mtu amepanda mahindi, tena yamestawi. Kwenye kizingiti chake wamepanga mifuko ya mchanga ili bwawa liongezeke kina. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tuta la udongo likipandwa juu na maji halina muda mrefu: maji yanachimba mteremko wa nyuma, yanakata mfereji, na mfereji unakuwa lango.

Na miti! Wanafunzi waliletwa siku ya upandaji miti, wakapanda mikaratusi mgongoni mwa tuta, watu wakapiga makofi. Mti ukifa, mizizi inaoza na kuacha vitundu ndani ya udongo, na maji yanapenda sana vitundu. Tuta linataka ukoka, tena uliofyekwa ili shimo la panya lionekane. Ile mikaratusi ingeenda mashambani ingetupa nguzo.

Chini ya tuta, upande wa kijiji, pana mahali pabichi. Baba mdogo akasema pamekuwa hivyo tangu Krismasi. Tukaazima glasi ya chai kwenye nyumba ya jirani, tukakinga maji yale, tukaiweka juu ya jiwe. Maji yanayovuja yakiwa meupe, unaweza kuvumilia huku ukiyafuatilia. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani. Tulisubiri kama robo saa. Chini ya glasi kukatuama utando mwembamba wa udongo, rangi ileile ya tuta. Baba mdogo akaitikisa, akaitazama tena, akaimwaga bila neno.

Nilimkumbusha Solai, Nakuru, kule Kenya, Mei 2018: bwawa la udongo la shambani lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40. Wengi walikuwa wameshaingia ndani na familia zao.

Kama kijiji kinataka maji ya kiangazi, na kinayahitaji, tuombe lambo lililopimwa kwa kazi hiyo, na kibali kipitie Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa; hili si jambo la kuzibiana bomba usiku. Na mradi uliotujengea tuta nao una deni: ulituachia kitabu cha matunzo cha Kiingereza, kimefungiwa kabatini ofisi ya kijiji, ufunguo sijui nani anao.

Kikao kilikaliwa Jumamosi, kirefu na chenye kelele. Mifuko ya utoro ilitolewa jioni ileile. Kwa bomba tulichomoa kiroba kimoja kimoja kwa siku mbili, maana maji yakishuka ghafla mteremko wa ndani nao unaporomoka. Jumanne watoto walikuwa wanaokota kambale kwenye tope. Mwenye perege alikuja, akasimama juu ya tuta akitazama. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika.