PhD ya unga wenye vitundu: muda umepotea au sisi ndo hatujaelewa?

Tangu Nobel ya kemia ya 2025 iende kwa Kitagawa, Robson na Yaghi kwa kazi yao ya MOF (unga wenye vitundu vidogo mno vya kunasa gesi na sumu), kuna swali linarudi kila mada hii ikiguswa: hizi PhD zote za kutengeneza unga wa kunasa sumu zimeleta nini? Mtu anajifungia maabara miaka minne mitano, anatoka na gramu mbili za unga na pepa tatu, huku mitambo ya kusafisha maji na maski za gesi bado zinaendelea na mkaa. Swali ni la haki kabisa, ila naona watu wanalielekeza pasipo.

Kwa ufupi tu, MOF ni vishada vya metali vilivyofungwa pamoja na viungo vya kaboni, inatokea kama jengo lenye vyumba vitupu vingi sana, molekuli ya sumu ikiingia inang'ang'aniwa humo. Ukibadilisha metali au kiungo, chumba nacho kinabadilika.

Sasa wanaopinga. Mkaa wa kuchujia ulishawaokoa askari kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, bei yake nafuu, unatengenezwa kwa matani. MOF zilizokwisha kutengenezwa zinapita 100,000 halafu zilizofika viwandani unahesabu kwa vidole. Hapo sina ubishi.

Na kuna kosa watafiti wamejitakia wenyewe, ile namba ya eneo la ndani. Mwaka 2012 ikatangazwa MOF iitwayo NU-110, gramu moja ukikunjua kuta zake zote za ndani unapata mita za mraba kama 7,000, yaani uwanja mzima wa mpira ndani ya kijiko, mkaa mzuri unacheza kati ya 500 na 1,500 hivi. Kila mtu akaipenda namba hiyo (na mimi pia, nimeshaitaja mara nyingi kuliko ilivyostahili). Lakini hebu jiulize imepatikanaje. Unga umekaushwa kwenye vakyumu mpaka hauna tone la maji, ukapoozwa mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri, halafu ukalishwa naitrojeni safi, gesi ambayo haina shida na mtu. Hewa ya kiwandani ina joto, ina unyevu, ina gesi kumi zimechanganyika, na sumu yenyewe unayoitafuta ni kidogo mno humo, maji ndo yanawahi viti vyote. Namba inakwambia kuna vyumba vingapi, haikwambii nani atavikalia. CALF-20, MOF nyingine, ile iliyojaribiwa kwenye moshi halisi wa kiwanda cha saruji ikakamata kaboni dioksaidi kwa zaidi ya saa 2,000, eneo lake ni kama mita za mraba 500 tu kwa gramu! Kwa mashindano ya uwanja wa mpira isingepita hata raundi ya kwanza, ila unyevu hauisumbui sana na moshi wenye asidi haukuiua.

Na hapo ndo PhD zinapodharauliwa bure. Unadhani ilijulikanaje kwamba unyevu ndo adui? MOF-5 ya 1999 ilikuwa maajabu ya wakati wake lakini ukiiacha kwenye hewa ya kawaida yenye unyevu inabomoka. HKUST-1 ya mwaka huohuo ina shaba, inaikamata amonia vizuri tu, shida amonia nayo inaibomoa. Mtu amekaa miezi anapiga eksirei ya unga uleule kabla na baada, anatafuta ni kifungo gani kilikatika kwanza, na majibu ya namna hiyo ndo yakaonyesha kwa nini UiO-66 ya 2008 ya kule Oslo inavumilia, zirkoniamu inaishika oksijeni kwa nguvu na kila kishada kina miunganisho 12, ukikata mmoja jengo halianguki. Kazi ya kuchosha, haina picha ya kuvutia, ila bila hiyo unapika unga kwa kubahatisha.

Tena mkaa wenyewe tunausifu kupita kiasi. Mkaa mtupu haushiki amonia ya maana, ndo maana kwenye filta za gesi za aina hiyo unapakwa chumvi za metali kwanza. Na hao wanaosema hakuna kilichotoka maabara wanasahau mitungi ya ION-X iliyoingia sokoni 2016 kwa viwanda vya chipu za kompyuta. Ndani yake kuna MOF iliyoshikilia arsini na fosfini, gesi za kuua, kwa presha iliyo chini ya ile ya hewa, kwa hiyo hata valvu ikivuja gesi hairuki nje kama kwenye mtungi wa kawaida.

Kwangu mimi ukali uhamie kwenye mtihani wenyewe wa PhD. Mwanafunzi akija na uwanja wa mpira ndani ya kijiko, aulizwe unga ulifanyaje kwenye bomba lenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 na gesi mchanganyiko, unarudia mara ngapi kabla haujachoka, na zile sampuli zilizokufa ziko sura ya ngapi ya tasnifu yake. Maana mara nyingi zimeachwa kwenye droo, na anayeanza PhD mwaka unaofuata anaenda kuziua upya.