Lori Lililooshwa Hadi Likapoteza Jina

Kampuni mpya ya malori Marekani ikishapata namba ya USDOT, yaani namba ya utambulisho ya Wizara ya Uchukuzi, na kuanza kuvuka mipaka ya majimbo, huwekwa chini ya uangalizi wa miezi 18. Ndani ya miezi 12 ya kwanza hufanyiwa ukaguzi wa usalama na FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia malori. Kampuni ya mjomba wangu, hapa Iowa, ina vichwa vitatu na matela manne. Barua ya ukaguzi ilipofika, Mjomba alisoma neno "ukaguzi", hakuendelea na mengine. Akaiweka chini ya chupa ya chai, akaenda kukodi mashine ya kuoshea kwa presha.

"Mjomba," nikamwambia, "hawa hawaji kuangalia malori. Wanataka makaratasi. Tunayapakia kwenye tovuti yao, mkaguzi anayasoma akiwa ofisini kwake, akiwa na swali anapiga simu."

"Mwanangu, nimeendesha Mombasa–Kampala kabla mama yako hajaolewa. Serikali gani inakagua lori bila kuliona? Mtu akija akakuta gari linang'aa na pilau iko mezani, roho yake inatulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Basi tukagawana kazi: mimi makaratasi, yeye maji.

Makaratasi ndiyo yenye mauti. Kuna makosa 16 ya kukuangusha papo hapo, na mengi hayagusi chuma kabisa: huna mpango wa kupima dawa za kulevya na pombe, huna upimaji wa kushtukiza, dereva hana leseni ya daraja hilo, huna bima inayotakiwa (mzigo wa kawaida ni angalau dola 750,000). Upimaji wa kushtukiza ndio unaowachanganya wenye kampuni ndogo. Kwa mwaka, idadi ya vipimo vya dawa lazima ifikie asilimia 50 ya madereva na vya pombe asilimia 10, na majina yachaguliwe kwa njia isiyoweza kupangwa na mtu. Njia ya Mjomba ilikuwa kofia. Anakunja karatasi, anatikisa, anachomoa, na kila mara linatoka jina la dereva wetu wa Kigoma, ambaye kwa bahati ya ajabu ndiye aliyekuwa anamdai Mjomba pesa za safari. Nilipoikagua ile kofia nilikuta karatasi mbili, na madereva ni watatu: Mjomba mwenyewe huendesha, kwa hiyo naye alipaswa kuwemo. Ndiyo maana tulijiunga na chama cha upimaji mapema, kompyuta yao ikawa inachagua, na jina la kwanza kutoka likawa la Mjomba. Mkigoma alicheka mpaka akakaa chini.

Faili la kila dereva linataka fomu ya maombi ya kazi, rekodi ya leseni ya miaka 3 kutoka kila jimbo alilokuwa na leseni, cheti cha daktari, na maulizo kwa waajiri wake wa nyuma. Juu ya hayo, unamtafuta kwenye Clearinghouse, hifadhi ya serikali ya waliokutwa na dawa au pombe, kabla hujampa usukani, halafu tena kila mwaka. Kutafuta mara moja ni dola 1.25, bei ya soda, lakini watu wanasahau. Kinachoangaliwa zaidi ni tarehe. Jibu safi la kipimo cha dawa cha kabla ya kazi likifika Jumatano na dereva alishaondoka Jumanne, lile jibu safi ndilo ushahidi dhidi yako.

Kumbukumbu za saa za kuendesha ni za miezi 6, na mkaguzi huzilinganisha na risiti za dizeli. Risiti ikisema lori lilijaza mafuta Omaha saa nane usiku wakati kumbukumbu inasema dereva amelala Des Moines, hakuna sala ya kukuokoa. Hapo ndipo maji ya Mjomba yalipoanza kuingia kwenye karatasi zangu. Kifaa cha ELD, kile cha kielektroniki cha kurekodi saa za kuendesha, hujirekodi kikiona gari limefika maili 5 kwa saa, na Mjomba alikuwa anayazungusha malori uwanjani bila kuingiza jina lake. Kila asubuhi nakuta safari za dereva asiyejulikana. Safari ya namna hiyo haiachwi hivyo hivyo, lazima mtu aikubali au iandikiwe maelezo. Nikawa naandika: "Lori limehamishwa kwenda kuoshwa." Kesho yake: "Lori limerudishwa kuoshwa tena."

Sasa ile mashine. Ilikuwa ya psi 4,000, maji ya moto, na nozeli za rangi rangi. Nyeupe hutawanya maji kwa digrii 40. Nyekundu ni digrii sifuri, mchirizi mmoja mwembamba kama sindano, wa kubandua lami iliyoganda. Mjomba alichagua nyekundu kwa sababu nyekundu ndiyo yenye nguvu. Herufi za stika mlangoni zinataka presha isiyozidi psi 2,000, nozeli nyeupe, umbali usiopungua sentimita 30, na maji yapige moja kwa moja, yasiingie ukingoni mwa herufi. Za kwetu zilibandikwa Januari, nje, kwenye baridi ya kukata masikio, juu ya mlango uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Gundi haikuwahi kushika sawasawa. Mjomba alikuwa anapiga kwa pembeni, sentimita kumi hivi, na sabuni ya kuondoa grisi juu yake.

Jina la kampuni lina maneno matatu, na la mwisho ni zile herufi tu za kuonyesha aina ya kampuni. Lilibaki "LLC".

Namba ya USDOT ilipoteza tarakimu mbili za mwisho. Stika ya ukaguzi wa mwaka ya tela ikaenda na povu. Utepe mwekundu na mweupe wa ubavuni ukaanza kuning'inia. Maji yakapenya kwenye soketi ya nyaya za ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge breki zikikanyagwa. Alipomaliza nje akaingia ndani ya kichwa, akatupa kila alichokiona ni taka: kadi ya maelekezo ya ELD, na karatasi tupu za kuandikia saa, ambazo dereva hutakiwa awe nazo za kutosha siku 8 kifaa kikiharibika. Mtungi wa kuzimia moto aliuchomoa kwenye kishikio chake aung'arishe kwa Vaseline, akausahau kando ya jiko la nyama choma.

Dereva wetu wa Uvira aliondoka na lile lori saa kumi alfajiri, giza totoro, amebeba karatasi za chooni kwenda Illinois. Tairi alizigonga, taa aliziwasha, breki za upepo alizijaribu. Mlango aliufungua, hakuusoma.

Palipopambazuka akanipigia kutoka mizani ya I-80.

"Karani, afisa anauliza farasi."

"Farasi gani?"

"Mimi najua? Nimemfungulia tela, nimemwonyesha karatasi za chooni mpaka juu. Anaziangalia, anauliza tena farasi."

Afisa alikuwa ameingiza zile tarakimu tano zilizobaki mlangoni, zikamletea kampuni nyingine kabisa, ya kubeba farasi. Mbele yake yuko Mkongo mpole, kwenye lori linalong'aa kama bwana harusi, ambaye kwa maelezo ya mlango anafanya kazi kwa mtu anayeitwa LLC. Nikamsomea namba kamili kwa simu, akaridhika kuhusu farasi, halafu akasema maadamu lori limeshasimama, acha aliangalie vizuri.

Taa ya njano ya ABS nyuma ya tela: inawaka, haizimi. Ushahidi wa ukaguzi wa mwaka wa tela: hakuna. Watu wengi hudhani karatasi ya kichwa inatosha, kumbe tela lina yake. Ripoti yenyewe ninayo ofisini, lakini kwenye chombo panatakiwa nakala au stika. Mtungi wa moto: kishikio kipo, mtungi hakuna. Karatasi tupu za saa: hakuna. Pembetatu tatu za tahadhari zilikuwepo, kwa sababu zilikuwa chini ya kiti na Mjomba ana mgongo. Hakuna kosa hata moja lililotosha kulizuia lori lisiendelee, lakini yote yaliandikwa. Lori hilo hilo, likiwa na tope la Nebraska mpaka kwenye vioo, lilikuwa limepita mizani hiyo mara nyingi bila hata kuitwa pembeni.

Ripoti ya barabarani hurekebishwa, husainiwa na kurudishwa ndani ya siku 15. Soketi tulikausha kwa upepo, tukasugua kutu ya kijani kwenye pini, tukapaka grisi ya umeme, taa ikazima. Herufi mpya zilibandikwa ndani ya gereji yenye joto, mlango umefutwa kwa spiriti, zikasomeka kutoka mita 15 kama sheria inavyotaka. Mjomba alipigwa marufuku kusogea karibu na bomba.

Siku ya mwisho ya kupakia nyaraka, yeye bado aliihesabu kuwa siku ya mgeni. Alivaa suti. Mkaza mjomba alipika pilau ya sufuria kubwa, na mbuzi alikuwa kwenye makaa, mtungi wa moto umesimama pembeni unang'aa. Nikapakia faili la mwisho saa sita mchana. Mkaguzi akapiga simu saa nane, sauti ya mama mmoja mpole, akauliza mambo mawili kuhusu bima na moja kuhusu ripoti ya mizani, ambayo tayari alikuwa anaiona kwenye mfumo wao. Nikamtumia nakala iliyosainiwa.

"Anafika saa ngapi?" Mjomba akaninong'oneza.

"Hafiki, Mjomba. Yuko jimbo jingine."

Alikaa akaliangalia lile pilau. Halafu mama akauliza rejista ya ajali. Hii huwekwa hata kama haina kitu, na huingizwa ajali ambazo mtu amekufa, ameumia akapelekwa kutibiwa mbali na pale, au gari limevutwa. Nikamwambia yetu ni tupu.

Mjomba akanishika mkono. "Usiidanganye serikali. Andika ile ya Ijumaa."

"Ile ilikuwa kuosha, Mjomba. Hakuna aliyekufa."

"Na jina la kampuni?"

Mama kwenye simu akauliza kama kuna la kuongeza. Nikamwambia hakuna. Tulifaulu, na Mkigoma akabeba nusu ya mbuzi nyumbani, akasema tuihesabu kwenye lile deni.