Usimbaji wa tiba Marekani: cheti cha miezi au stashahada ya miaka 2?

Daktari ameandika mistari miwili kwenye faili: kisukari aina ya 2, ugonjwa sugu wa figo, hatua ya 3. Mwanagenzi wa usimbaji, yaani kazi ya kugeuza maandishi ya daktari kuwa misimbo ya kudai malipo ya bima, anafungua kitabu cha ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, na kuandika E11.9, yaani kisukari kisicho na madhara mengine, kisha N18.30 ya figo. Amekosea. Mwongozo unataka magonjwa hayo yahesabiwe kuwa yanahusiana hata daktari asiposema, ila kama ameandika wazi kwamba hayahusiani. Jibu ni E11.22, yaani kisukari chenye madhara ya figo, halafu N18.30.

Nimeanza na faili hilo kwa sababu mabishano ya cheti na stashahada huishia kwenye ada na muda, na kosa kama hili halitajwi.

Wanaotetea cheti wana hoja nzito. Kazi hii haidai leseni ya serikali. Mtihani wa CPC, cheti cha wasimbaji kinachotolewa na chama cha AAPC, una maswali 100 ya kuchagua jibu, unafanywa kwa saa 4, unaingia na vitabu vyako vya misimbo, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Shahada hawakuulizi. Mtu aliyekaa mapokezi ya kliniki miaka kadhaa, au muuguzi aliyechoka na zamu za usiku, tayari anaijua lugha ya madaktari. Kumrudisha darasani miaka 2 ni kumpotezea muda.

Kwa asiye na msingi huo, mambo ni mengine. Ukifaulu bila uzoefu unapewa CPC-A, na hiyo A ni ya uanagenzi. Haiondoki mpaka uthibitishe uzoefu. Waajiri nao wanataka mwenye uzoefu. Matangazo ya kozi za haraka hulipita jambo hili kimyakimya, na hapo ndipo wengi hukwama, cheti mkononi na kazi hakuna.

Stashahada inampeleka mwanafunzi kwenye anatomia, dawa, sheria za kumbukumbu za wagonjwa na mafunzo ya vitendo. Pia inafungua mlango wa RHIT, cheti cha ufundi wa taarifa za afya cha chama cha AHIMA, ambacho hukipati kwa kujisomea. Lakini programu yenyewe lazima iwe na ithibati ya CAHIIM, chombo kinachokagua programu za aina hii, na si kila chuo kinayo. Uliza kabla ya kulipa. Kwa anayetaka kusimba tu, baadhi ya masomo hayo yatakaa kabatini muda mrefu.

Upande wa bili, yaani kutuma madai kwa bima na kufuatilia yaliyokataliwa, nisingeulipia pesa nyingi peke yake. Sehemu kubwa hufundishika kazini.

Kinachonielemeza kwenye stashahada kwa anayeanza sifuri ni programu za kompyuta. Tayari zinapendekeza misimbo, na ziara nyepesi zinazidi kuachiwa mashine. Binadamu anabakiwa na faili zenye utata, na misimbo ya ICD-10-CM hubadilishwa kila Oktoba 1, kwa hiyo kukariri hakumfikishi mbali.

Hata hivyo zipo kozi fupi nzuri na stashahada za hovyo. Swali langu kwa shule yoyote ni moja: nitasimba faili ngapi za wagonjwa, zenye maandishi ya daktari yaliyo ovyo kama yalivyo, kabla sijamaliza? Wakinionyesha rundo la maswali ya majaribio tu, pesa yangu hawaipati.