Gari Lenye Kuchagua Simu

Huyo dada wa Kijapani aliyemo ndani ya gari langu hana subira. Nikizungusha ufunguo tu, hata injini haijashika, keshasema yake: maneno marefu, sauti laini, kisha kimya. Mama mkwe alipopanda mara ya kwanza alimwitikia "Waalaikum salaam" na akamwombea dua. Fundi wa waya pale Mwembe Tayari ndiye aliyetufumbua macho: "Mzee, huyu akwambia hujatia kadi ya kulipia barabara." Barabara zipi? Za kwao Japani! Gari lalala Kisauni, mashimo lapita bure, lakini kila kukicha ladai kadi.

Haya, hilo nilisamehe. Sheria yasema gari la mtumba lisizidi miaka 8 likiingia Kenya, kwa hivyo langu liliteremka Kilindini limeshakula maisha, limezoea ya kwao, halitaki kufunzwa ukubwani. Hata redio yake: ya Japani huanzia 76 ikaishia kwenye 90 na ushei, na stesheni zetu nyingi ziko juu zaidi ya hapo. Taarabu sipati, mawaidha sipati, napata mvumo. Ndipo kijana wangu akasema, "Baba, unganisha Bluetooth. Utasikiza utakacho, na simu utapokea bila kuishika." Hapo pa simu pakanikolea. Mimi ni muuza mapazia, wateja wangu hawajui saa, na ukionekana na simu sikioni gari likienda, faini ni shilingi 2,000. Hiyo ni pazia nzima ya dirisha la jikoni.

Sasa nisikilize. Skrini yote ni Kijapani. Kumbe ndani mna orodha ya simu, na orodha imejaa: simu za wenyewe wa kwanza, wako huko kwao, hawana habari nami. Mpaka mmoja wao atolewe ndipo niingie mimi. Lakini kufuta ni kitufe kipi, na kukubali ni kipi? Vyote vimeandikwa vijumba vijumba, vyengine vina paa, vyengine havina. Kijana akasema simu ina programu, waielekeza kamera kwenye maandishi, yageuka Kiswahili. Yakageuka kweli: "Tafadhali ondoa kifaa cha heshima." Kifaa cha heshima ndicho kipi, jamani? Tena nikiishika simu yangu isome skrini, ule ukurasa wa Bluetooth wajifunga, gari latafuta halioni kitu. Basi kijana akatoa simu yake. Yake isome, yangu iunganishwe. Skrini ikaomba nambari ya siri. Huwa ni 0000, ikikataa watia 1234. Nikatia. Gari likafikiri, likalia ti-ti, likaungana na simu ya kijana.

Tangu hapo hawakuachana. Mafuta natia mimi, bima nalipa mimi, na kijana yuko zake ghorofani, simu mfukoni, gari lamshika yeye. Ijumaa moja nampeleka ustadhi wa mtaani kwenye ndoa, nimevaa kanzu na kofia, kijana kakaa kiti cha nyuma. Spika zote zikafunguka: "Umeamkaje, sukari yangu?" Kijana akazama chini kutafuta kiatu ambacho hakikuvuka. Ustadhi alitazama nje ya dirisha mpaka tukamaliza daraja la Nyali.

Nikarudi kwa fundi. Akafuta wote, Wajapani na kijana, akaniacha mimi peke yangu. Akanieleza pia kuwa nyimbo na simu zina njia mbali mbali humo humo ndani ya Bluetooth, moja yaweza kukubali, nyingine ikanuna. Yangu ilikubali zote mbili, alhamdulillahi, ila kwa saa iitakayo yenyewe. Mteja akipiga niko kwenye foleni ya Buxton, peke yangu, vioo juu, nafasi ya kuongea tele: kimya, simu yatikisika tu mfukoni.

Nenda Likoni sasa. Nimeingia feri jioni, ile saa ya watu kutoka kazini. Waijua ilivyo: magari yapangwa, wa miguu wajaa kila upenyo, mmoja keshaegemea buti lako, mama mmoja katua kapu lake la samaki juu ya boneti bila hodi. Joto, vioo vyote chini. Simu imetumbukia baina ya kiti na breki ya mkono, pale pasipopita mkono wa mtu mzima. Ikalia. Sikugusa kitu. Gari likapokea lenyewe.

"Ewe! Pesa zangu za mbuzi ziko wapi?"

Nikabonyeza kitufe cha usukani chenye picha ya simu. Sauti ikapanda. Nikabonyeza cha pili, yule dada akasema maneno yake ya kadi. Nikabonyeza cha tatu, ikapanda tena.

"Mbuzi wa Idi umemla, sasa ya pili yaja!"

"Bwana, mlipe mwenzio," akasema wa buti.

Na mimi nina haki yangu, sikuweza kunyamaza. "Mbuzi mwenyewe alikuwa kilema! Mguu mmoja mfupi!"

"Kwani ulipomtafuna alichechemea?" akauliza mama wa samaki. Watu wakacheka mpaka kule kwenye ngazi za juu, na wale walioko juu wakauliza kuna nini, wakaelezwa, wakacheka upya.

"Hao ni kina nani?" spika zikauliza. "Uko wapi wewe?"

Nikafunga mdomo.

"Yuko kwenye feri," mama wa samaki akaingiza kichwa dirishani, akanijibia, "aja huko Likoni!"

"Wallahi? Nami niko papa hapa, juu ya mteremko, kwenye mihogo ya kukaanga. Gari ni lile jeupe?"

"Jeupe!" wakaitika, hata ambao hawakuulizwa.

Feri ikagusa nchi kavu, ule mlango wa chuma ukashuka, na mfanyakazi wa feri akanipungia mkono nitoke mimi mbele.