Hoteli ya wateleza mawimbi Puerto Viejo: mgeni wako ni mjuzi au mwanafunzi?

Anayefungua hoteli ndogo ya wateleza mawimbi Puerto Viejo de Talamanca, kwenye pwani ya Karibi ya Kostarika, inampasa ajibu swali moja kabla hata ya kununua magodoro. Je, vyumba vyake ni vya mtu anayejua kuteleza, aliyekuja kulitafuta wimbi la Salsa Brava? Au ni vya yule ambaye hajawahi kusimama juu ya ubao, anayetaka wiki nzima ya masomo, kitanda na kifungua kinywa kwa bei moja? Wengi hujibu kwamba watapokea wote. Jibu hilo ni zuri kwenye tangazo, lakini wageni hawa wawili wanahitaji bahari mbili tofauti, na Puerto Viejo haina bahari mbili kwa wakati mmoja.

Tuanze na bahari yenyewe, maana ndiyo inayoamua. Mawimbi ya hapa hayasafiri kutoka mbali kama yale ya upande wa Pasifiki. Husukumwa na upepo mkali wa kutoka mashariki unaovuma juu ya Karibi, na upepo huo una vilele viwili kwa mwaka: kimoja kikubwa karibu na Januari na Februari, kingine kidogo Julai. Ndiyo maana msimu wa maana ni Desemba hadi Machi, kisha kuna msimu mfupi wa Juni na Julai. Septemba na Oktoba bahari hulala kabisa, maji yakawa maangavu na mvua ikapungua, wakati ambapo pwani ya Pasifiki inazama kwenye mvua.

Salsa Brava iko mbele ya mji. Wimbi linatoka kwenye maji ya kina kirefu na kugonga mwamba wa matumbawe ghafla, likajikunja juu ya maji ya kina kifupi. Si mahali pa kujifunzia, hata siku ambayo wimbi linaonekana dogo. Mwanafunzi hupelekwa Playa Cocles, ufuo wa mchanga kilomita chache kusini, au Playa Negra, ufuo wa mchanga mweusi upande wa kaskazini wa mji, penye mawimbi ya upole zaidi. Tatizo la Cocles ni mikondo inayomvuta mtu kuelekea kilindini, na mikondo hiyo huwa mikali zaidi katika miezi ileile ambayo hoteli imejaa. Wageni wa likizo ya Krismasi wanawasili pamoja na mawimbi makubwa. Kwa mjuzi hiyo ni neema. Kwa mwanafunzi ni siku mbili au tatu za kukaa kibarazani akitazama.

Sasa tumpime mjuzi. Sifa yake ya kwanza ni kwamba hadai mengi. Hataki ratiba, mwalimu wala gari la kumpeleka ufukweni, kwa kuwa anakwenda kwa miguu. Akipata mawimbi anakaa, na mara nyingi huongeza usiku. Kasoro yake ni kwamba hapangi mapema. Anasubiri utabiri, na kwa kuwa mawimbi haya hutengenezwa karibu, utabiri wa siku tatu au nne ndio wa kuaminika. Basi simu zinaingia Jumanne kwa vyumba vya Ijumaa, na bahari ikitulia anaondoka kesho yake. Mwenye hoteli aliyezoea kuona kalenda imejaa miezi miwili mbele atapata presha. Tiba yake ni sharti la usiku tatu kwa uchache katika msimu, malipo ya usiku wa kwanza yasiyorudishwa, na bei inayoshuka kuanzia usiku wa tano ili aliyekuja kwa wimbi la wikendi apate sababu ya kungoja linalofuata.

Mahitaji yake ni machache lakini hayana mjadala. Asubuhi upepo wa nchi kavu husafisha uso wa wimbi, na katikati ya asubuhi upepo wa bahari huanza kulivuruga. Kwa hiyo mgeni anatoka gizani. Kifungua kinywa cha saa 2 asubuhi hakimfai. Weka kahawa, ndizi na mkate mezani tangu saa 11 alfajiri, halafu chakula kamili kuanzia saa 3 hadi karibu saa 5. Nje, kabla ya mlango wa vyumba, lazima pawe na bomba la kuogea na chini yake shimo la kunasia mchanga, lenye upana wa sentimita 60 hivi na kifuniko kinachotoka, lisafishwe kila wiki. Pasipo na shimo hilo mchanga unaingia kwenye mabomba ya vyumbani, na fundi atakuja msimu ukiwa umepamba moto.

Maji nayo yapimwe kwa wageni hawa, wasiooga mara moja kwa siku. Kwa vyumba 8 vya watu wawili, ukikadiria lita 150 kwa kila mtu, unahitaji lita 2,400 kwa siku. Tangi la lita 2,500 linatosha siku moja tu bomba la mji likikatika. Mawili ni salama zaidi.

Chumba cha mbao za kutelezea kinastahili fikra kuliko sebule. Kiwe na kivuli na dirisha la kupitisha hewa, kufuli ya shaba, na vishikizo vya mabomba ya plastiki yaliyofungwa sponji, vikiachana sentimita 30 ili mapezi yasigongane. Jua likipiga ubao kwa saa kadhaa, hewa ya ndani hupanuka na ngozi ya faibaglasi huachana na povu. Pawe pia na meza ya kurekebishia, kwa sababu Salsa Brava hupasua mbao. Hapa ndipo kosa moja linarudiwa kila mara. Kuna mbao za povu la poliuretani zinazozibwa kwa resini (gundi inayoganda ikawa ngumu) ya poliesta, na kuna zile nyepesi za povu la polistaireni zinazotaka resini ya epoksi. Poliesta ikimwagwa kwenye polistaireni huliyeyusha povu, tundu la kidole likawa bakuli. Weka kopo zote mbili, ziandikwe kwa herufi kubwa, na asiyejua ubao wake umetengenezwa kwa nini atumie epoksi, kwa kuwa epoksi haidhuru povu lolote kati ya hayo mawili. Kabla ya yote ubao ukauke kabisa. Ukiziba maji ndani, ubao unazidi uzito na sehemu iliyozibwa inavimba juani.

Mwanafunzi ana hoja nzito upande wake, nayo ni fedha. Analipa miezi kadhaa kabla, hajinyimi chakula, na huja na mwenzake. Tufanye hesabu ya mfano kwa mtu mmoja. Kifurushi cha usiku 7 na masomo 5 kinauzwa dola 900. Ondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13 iliyomo ndani ya bei, zinabaki kama dola 796. Mwalimu alipwe dola 40 kwa somo, jumla 200. Kifungua kinywa 49, uchakavu wa ubao 35, usafiri 50. Hotelini zinabaki dola 462. Chumba hichohicho kikiuzwa kitupu kwa dola 55 kwa usiku kwa mgeni aliyepiga simu mwenyewe, baada ya kodi zinabaki kama 341 kwa wiki. Kifurushi kimeshinda kwa dola 121, na ukizidisha kwa vyumba na wiki za msimu, tofauti hiyo inalipa mshahara wa mtu.

Lakini sasa ingiza Januari. Mikondo ni mikali siku mbili kati ya tano, masomo mawili hayafanyiki, mgeni anadai dola 60 kwa kila somo, na mwalimu uliyemfunga kwa wiki nzima anastahili malipo yake. Dola 120 zinatoka, nawe unarudi karibu na pale ulipokuwa ungeuza kitanda peke yake. Mgeni akiwa alipitia tovuti ya kuweka nafasi inayokata kamisheni ya asilimia 15, na kamisheni hiyo ikakatwa kwenye bei nzima ya kifurushi, dola 135 zimeondoka tayari. Hatari kubwa zaidi haimo kwenye hesabu hii: mwenye hoteli aliyekwisha pokea fedha anashawishika kumwambia mwalimu aingie tu majini. Hoteli isiyoweza kukataa bahari mbaya haipaswi kuuza masomo.

Wanaotetea kifurushi hujibu kwamba Playa Negra ipo. Ni kweli, na kwa siku nyingi za Juni na Julai, au Aprili mawimbi yanapopungua, jibu lao linatosha. Mwanafunzi wa miezi hiyo anapata anachokilipia, na mbao laini za povu za futi 8 na 9 zinamtosha. Sioni sababu ya kumfukuza. Ninachokataa ni kumuuzia Januari ahadi ya masomo matano kama vile bahari ni ukumbi.

Kuna pia miezi ambayo wote wawili hawapo. Septemba na Oktoba haziwezi kuokolewa na ubao wowote. Zinaokolewa na miwani ya kuzamia: maji maangavu yanafaa kutazama matumbawe ya Hifadhi ya Taifa ya Cahuita na ya Gandoca-Manzanillo, hifadhi iliyoanzishwa 1985. Jambo hili si la pembeni. Sheria ya Kostarika inamtaka mwajiri alipe aguinaldo, yaani mshahara wa kumi na tatu, ndani ya siku 20 za kwanza za Desemba. Deni hilo linaiva mara tu baada ya miezi mikavu ya mapato na kabla fedha za msimu hazijaingia. Tenga sehemu ya kumi na mbili ya mishahara kila mwezi kwenye akaunti yake, usiiguse hata mashine ya kufulia ikifa. Na mashine ya kukaushia iwe ya gesi, kwa kuwa mvua hapa hunyesha karibu mwaka mzima na shuka za kambani hunuka ukungu.

Mizani kwa maoni yangu inaelemea kwa mjuzi kwa sababu nyingine pia: watu wa mahali. Mji huu ni wa kizazi cha Waafrika wa Karibi, wengi asili yao Jamaika, waliokuja bandari ya Limón kwa kazi za reli na migomba, kisha wakaishi kwa kakao hadi ugonjwa wa kuvu ulipoangamiza mashamba mwishoni mwa miaka ya 1970. Chakula chao cha wali na maharage kwa tui la nazi hakitamshangaza mtu wa Mombasa wala Unguja. Vijana wao ndio walimu wa mawimbi. Hoteli inayofungua shule yake yenyewe inawanyang'anya kipato ambacho utalii uliwaachia. Inayowapelekea wanafunzi inapata majirani, na majirani hao ndio wanaoamua nani anapewa nafasi Salsa Brava.

Vivyo hivyo kwenye ardhi. Sheria namba 6043 ya 1977 imetenga mita 200 kutoka maji ya kujaa: 50 za kwanza ni za umma na hazijengwi, 150 zinazofuata ni kwa kibali cha manispaa, na raia wa kigeni ambaye hajaishi nchini miaka mitano hapewi. Anayeuziwa "hoteli ya ufukweni" kwa bei ya kumilikiwa kabisa aulize kibali kiko kwa jina la nani na kinaisha lini.

Makubaliano na mwalimu basi yawe mafupi na yaandikwe. Somo linauzwa siku kwa siku, bei imebandikwa, mgeni anamlipa mwalimu moja kwa moja. Wanafunzi wasizidi watatu kwa mwalimu mmoja. Mwalimu ana bima yake na ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu bahari, saa 12 asubuhi, akiwa amesimama ufukweni na si kwenye simu. Akisema leo hapana, hoteli haidai chochote, na mgeni anabaki na fedha zake mfukoni.