Shokapu ya bei nafuu: wanaoilaumu na wanaoisifu hawana uzito mmoja

Mpe mtu wa kilo 52 baiskeli ya milimani yenye SR Suntour XCM mbele, shokapu ya springi ya bei nafuu, kisha mpe mwenzake wa kilo 95 baiskeli hiyohiyo. Wa kwanza atarudi akisema shokapu imekufa, haibonyei hata kwenye tuta. Wa pili atasema ni laini mno, kila shimo inagonga chini. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na nadhani hapo ndipo ubishi mzima wa shokapu hizi za bei nafuu ulipojificha.

Nimeusikiliza ubishi huo kwenye vibanda vya mafundi hapa Tanga, ambako baiskeli za mtumba zenye XCM na mdogo wake XCT hazikosekani, na kwa vijana wanaopandisha milima ya Amani wikiendi. Kauli inayoshinda ni ile ya kukata: toa hiyo kitu, weka uma mgumu wa chuma usio na shokapu, au jichange ununue shokapu ya upepo, inayotumia hewa iliyobanwa badala ya springi.

Wanaosema hivyo wana hoja. Uzito ni mmojawapo: XCM inakaribia kilo 2.5, na kilima cha Amani hakimsamehe mtu kilo hata moja. Lakini hoja yao nzito kuliko zote ni mrejeo, yaani jinsi shokapu inavyorudi juu baada ya kubonyea. Springi ikibanwa inaweka nguvu, na nguvu hiyo lazima itoke. Kwenye shokapu nzuri, oili hupita kwenye vitundu vidogo na kuipunguzia springi kasi ya kurudi. XCT nyingi hazina oili ya kazi hiyo, zinategemea msuguano tu. Ukishuka kwenye mawe kwa kasi, gurudumu la mbele linadundadunda, na tairi lililo hewani halina breki. Kwa mtu anayeteremka hivyo sibishani naye hata kidogo, anunue nyingine. Suntour wenyewe wana shokapu za upepo kama Raidon, kwa ajili ya kazi ngumu zaidi.

Wengi wanaoilaani, hata hivyo, hawateremki hivyo. Wanakwenda kazini, shambani, na Jumapili wanaingia njia za vumbi. Hao nawaomba warudi kwenye springi.

Springi ya chuma ina ugumu mmoja aliouchagua mtengenezaji, akimfikiria mpandaji wa uzito wa kati. Mwendo wa XCM nyingi ni milimita 100, na mpandaji akikaa tu, shokapu inatakiwa kuzama kati ya 20 na 25. Sasa piga hesabu. Kama inazama milimita 15 chini ya mtu wa kilo 52, chini ya wa kilo 95 itazama kama 27, kwa sababu springi hubonyea kulingana na mzigo. Mmoja hajafika panapotakiwa, mwingine amepapita kabla hata hajakutana na shimo. Ongeza na msuguano. Yule mwepesi akigonga kijiwe, pigo lake ni dogo, linaishia kwenye msuguano kabla halijafika kwenye springi. Ndiyo maana anaapa kwamba shokapu haifanyi kazi.

Halafu kuna kile kifundo cha juu chenye alama ya kuongeza na kupunguza. Karibu kila mtu ninayemuuliza anaamini kinaibadilisha springi iwe ngumu au laini. Hakifanyi hivyo. Kinaibana tu kidogo mapema, ili ianze kubonyea kwa mzigo mkubwa zaidi, ugumu wake unabaki uleule. Mtu wa kilo 95 anakizungusha mpaka mwisho, anaona haijawa ngumu kama alivyotaka, anahitimisha kwamba amepigwa. Angefunga uzi kwenye bomba la juu la shokapu, lile linaloingia ndani ya mguu wa chini, akae, ashuke taratibu, apime uzi umesogea milimita ngapi, angejua tatizo ni springi, na springi ni kitu kinachobadilishika.

Jambo la pili ni grisi. Mwaka jana nilifungua shokapu moja ya mtumba, chata zake zilishafutika siku nyingi, mwenye nayo alikuwa tayari kuitupa. Nililegeza bolti mbili za chini ya miguu, nikavuta miguu ikatoka. Ndani hapakuwa na grisi, palikuwa na mchanga na kitu kama udongo mkavu. Tulifuta, tukapaka mpya, tukarudishia. Haikufika saa moja. Ilibonyea kama shokapu. Hili ndilo linaloniuma ninaposikia neno "takataka": kifaa ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukifungua kinahukumiwa kwa uchafu ambao hakuna aliyeufuta. Shokapu ya upepo inataka pampu yake maalumu, oili yake na sili zake, zile raba za kuzuia hewa na oili zisitoke, na sili ikipasuka hapa mjini utaitafuta sana.

Na hata pesa ikipatikana, itaingia wapi? Fremu nyingi za mtumba ni za magurudumu ya inchi 26, zenye shingo (pale uma unapoingia kwenye fremu) nyembamba iliyonyooka. Shokapu nyingi za sasa nzuri zina shingo inayopanuka chini mpaka inchi 1.5 na zimetengenezwa kwa magurudumu makubwa. Hazikai. Uma mgumu nao una mtego wake. Ukiwa mfupi kuliko shokapu uliyoitoa, pua ya baiskeli inashuka na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Anayekaa kwenye lami tu, na akapata wenye urefu sawa, auweke bila wasiwasi.

Panapobaki pagumu kwangu ni kutu. Mabomba ya juu ya shokapu hizi ni chuma kilichopakwa kromu, na hewa ya bahari yetu inaila. Kromu ikishatoboka vishimo inakwangua sili kila inapopanda na kushuka, na grisi ya jana inakuwa tope kesho. Ukipitisha ukucha kwenye bomba na ukucha ukakwama, hapo nakubaliana na wanaosema itolewe.